Dar hadi Mbozi na kurudi: siku 7 na mwalimu wa historia

Siku ya 1, Ijumaa: Dar – Iringa

Tumetoka Tabata saa 11 alfajiri ili tuwahi kuipita Kibaha kabla malori hayajaamka. Malori yalikuwa yameamka zamani. Garini tuko watatu: mimi kwenye usukani, Mama pembeni yangu na kaunta buku mapajani, na nyuma Baraka, mwanangu wa miaka 10, ambaye bibi yake humwita "mume wangu" na ambaye safari hii amepewa cheo cha mtunza maji.

Safari yenyewe ni ya Mama. Amefundisha historia shule ya msingi miaka 31. Miaka yote hiyo kampigania Mkwawa, mtawala wa Wahehe, kule Lugalo, kamtorosha Kalenga, kamzika Mlambalasi, yote kwa chaki, na yeye mwenyewe hajawahi kuvuka Morogoro. Alipostaafu nilimuuliza anataka zawadi gani. Akasema, "Nipeleke nikaone kama nilikuwa nadanganya watoto wa watu."

Mama ana bati la biskuti chini ya kitanda. Sisi wanawe tumekua tukiliona. Humo mna tiketi za boti ya Unguja, kombe, picha za ziara za shule zilizogandana, kipande cheupe cha kitu fulani ukubwa wa kiberiti, na vitambulisho vya watu waliokwisha kufa. Kila safari lazima iache kitu ndani ya bati. Baraka alishauliza tukiwa bado Chalinze, mahindi ya kuchoma mkononi: "Bibi, safari hii tutaweka nini?" Akajibiwa asubiri, safari haijaanza.

Mikumi tumepita saa 5 asubuhi. Barabara inakata katikati ya hifadhi kilomita 50 hivi, na kuna vibao vinavyoonyesha faini ya kugonga kila mnyama. Baraka alivisoma kwa sauti kama orodha ya bei ya bucha. Tuliwaona pundamilia wengi, twiga wawili, na tembo mmoja ambaye hakuona sababu ya kutugeuzia uso.

Ruaha Mbuyuni Mama akataka vitunguu. Nikamwambia vitunguu hununuliwa wakati wa kurudi, hakuna mtu anayetembeza gunia la vitunguu hadi Mbeya na kulirudisha. Akasema bei ikipanda je? Tukabishana mbele ya wauzaji watano, wote wakiwa upande wake. Nilishinda kwa shida, na kwa ahadi.

Kitonga ni Kitonga. Tulipanda nyuma ya lori lililobeba mitambo, mwendo wa konokono, kushoto ukuta wa mlima na kulia korongo, macho yangu yote kwenye mshale wa joto. Ulipofika pabaya nikasimama kwenye kipenyo cha kwanza, tukafungua boneti, tukakaa nusu saa tukiangalia mabasi yakipita. Mama aliitumia nusu saa hiyo kumfundisha mjukuu wake vita vya Lugalo, kwa vijiti na vifuniko vya chupa.

Kwa hiyo tulipofika Lugalo penyewe, Baraka alikuwa amekwiva. Tarehe 17 Agosti 1891 ndipo Wahehe walipouvizia msafara wa kamanda wa Kijerumani, Emil von Zelewski, wakamuua yeye na sehemu kubwa ya askari wake. Pembeni mwa barabara kuna mnara wa kumbukumbu, tukashuka. Mama akauzunguka mara mbili. "Huu ni wa Wajerumani," akasema. "Walioshindwa ndio waliojengewa." Akaandika hivyo hivyo kwenye kaunta buku.

Iringa tumeingia saa 11 jioni, tukapanda kilima kutoka Ipogolo hadi mjini. Baridi ya Juni. Mama kavaa kitenge juu ya sweta juu ya kitenge.

Siku ya 2, Jumamosi: Kalenga na Isimila

Kalenga ni mwendo mfupi tu kutoka mjini, njia ya kwenda Hifadhi ya Ruaha. Makumbusho yenyewe ni madogo, nyumba ya kawaida. Mikuki, ngao, marungu, bunduki. Na katikati, ndani ya kioo, fuvu.

Mwongoza wageni, kijana mpole, alianza vizuri: "Jina lake kamili lilikuwa Mkwavinyika…" Mama akamalizia: "…Munyigumba Mwamuyinga." Kijana akacheka, akamwamkia upya, "Shikamoo mwalimu," na kuanzia hapo wakawa wanapokezana kama maimamu wawili kwenye msikiti mmoja. Oktoba 1894 Wajerumani waliivunja ngome ya Kalenga kwa mizinga. Kilima walichopigia kinaonekana pale ng'ambo, na wenyeji husema ndio asili ya jina Tosamaganga, yaani tupa mawe. Mkwawa akatoroka, akapigana porini karibu miaka 4, kichwa chake kikiwa na zawadi ya rupia 5,000. Tarehe 19 Julai 1898, amezingirwa Mlambalasi, akajipiga risasi. Wakamkata kichwa, wakakipeleka Ujerumani.

Hapa kijana akatoa jambo ambalo mimi sikulijua. Mkataba wa Versailles wa 1919, ule uliomaliza Vita Kuu ya Kwanza, una kifungu namba 246 kinachoitaka Ujerumani ikabidhi fuvu la Mkwawa ndani ya miezi 6. Fuvu lilirudi tarehe 19 Juni 1954, baada ya Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, kwenda mwenyewe kulitafuta kwenye makumbusho ya Bremen, katikati ya mafuvu mengine mengi.

"Miezi 6 ikawa miaka 35," akasema Mama.

Kisha alifanya kitu ambacho hufanya darasani, nakikumbuka tangu nikiwa mwanafunzi wake: aliinama hadi pua ikakaribia kioo, akanyamaza, akaacha watu wote wasubiri. Akauliza: "Na mwili?"

"Mwili uko Mlambalasi, mwalimu. Kaburi liko kule."

"Kwa hiyo mpaka leo kichwa kiko huku na kiwiliwili kiko kule?"

Kijana akasema ndiyo. Mama hakuandika kitu. Tukiwa tunatoka Baraka aliniuliza kwa kunong'ona kwa nini mtu achukue kichwa cha mwenzake. Nikamwambia walitaka ukumbusho. Neno lilinitoka tu, na lilinikaa vibaya mdomoni.

Mchana Isimila, kilomita 20 hivi kutoka mjini, kidogo tu nje ya barabara ya Mbeya. Watu wengi huja kwa ajili ya zile nguzo za udongo zilizochongwa na mvua, ndefu kama minara, kila moja na kofia yake ya mwamba mgumu. Picha zao mmeziona. Mimi nasema nguzo zisikulaghai ukapita haraka kwenye korongo la mawe. Zana za mawe zimelala chini, wazi, nyingi, pale pale maji yalipozifunua. Mwaka 1951 msafiri mmoja aliyekuwa akipita na barabara hii aliziona akaokota, na mwishoni mwa miaka ya 1950 wataalamu wakaja kuchimba. Walikuta hata mifupa ya aina ya kiboko aliyekwisha kutoweka duniani.

Daftari la Mama la mwaka 1984 linasema zana zina miaka 60,000. Mwongozaji akasema upimaji uliofuata ulifika karibu miaka 260,000. Mama akamtazama kama mwanafunzi aliyekosea hesabu, kisha akaomba kalamu.

Ruhusa ilitolewa kushika zana moja. Ni shoka la mkono, umbo la tone la maji, ukubwa wa kiganja, upande mmoja mnene wa kushikia na mwingine umechongoka. Mama alilipokea kwa mikono miwili. Kidole gumba chake kilizama chenyewe kwenye kibonyeo, kana kwamba aliyelichonga alimpima yeye. Alilibeba hatua 20 nzima. Nikamwona anatazama mkoba wake.

"Kijana wangu," akasema, "moja tu. Kwa ajili ya darasa."

"Mwalimu, si umestaafu?"

Akacheka, akalirudisha, lakini kwa uvivu. Baraka alikuwa pembeni anatazama yote haya. Naliandika hapa kwa sababu lina mwendelezo.

Kabla ya giza tukapita Neema Crafts, karakana ya mafundi wenye ulemavu, ambako hutengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Mama aliinusa kadi kabla ya kulipa. Haina harufu. Akanunua na kikapu cha milulu, kile cha Iringa chenyewe, kilichosukwa kikakazwa hadi unahisi kingehifadhi maji. Ukumbusho wa namna hii ndio ninaoupenda: mtu kautengeneza, umemlipa, na kesho anatengeneza mwingine.

Siku ya 3, Jumapili: Iringa – Mbeya

Siku ya usukani. Mafinga misonobari na ukungu, Makambako chai na maandazi, Igawa joto limerudi, pancha moja karibu na Chimala. Fundi wa pembeni ya barabara alitoa msumari, akampa Baraka auweke kama kumbukumbu. Mama kauandika: "msumari, Chimala." Saa 11 tuko Mbeya.

Siku ya 4, Jumatatu: Kimondo cha Mbozi

Kutoka Mbeya unashika njia ya Tunduma, unapita Mbalizi, unavuka mto Songwe, kisha unaiacha lami kuu kuelekea kijiji cha Ndolezi. Tulifika saa 4 asubuhi, wageni pekee.

Kinaonekana kama nyama iliyoanguka kutoka bucha ya majitu. Urefu mita 3, kimeinamia upande mmoja, rangi ya kahawia iliyoiva na kung'aa mahali watu wanapoegemea. Kiliingia kwenye maandishi mwaka 1930. Wakati ule sehemu ya juu tu ndiyo iliyokuwa imejitokeza, wakachimba handaki kukizunguka, ndiyo maana leo kinakaa kwenye nguzo chini ya shimo, kama kiti cha enzi. Kwa asilimia kama 90 ni chuma, kingi cha kilichobaki ni nikeli. Hakuna shimo la kuangukia na hakuna hadithi ya wazee inayosimulia siku kilipoanguka. Kilikuja kabla ya kuwapo wa kusimulia.

Daftari la Mama: tani 12. Mwongozaji: hukadiriwa tani 16. "Hata hiki!" Mama akasema, akafuta kwa hasira. Miaka 31 amewapunja watoto tani 4.

Baraka akakigonga kwa kifundo cha kidole, akabandika shavu. Baridi sana, akasema. Kisha akazunguka hadi kwenye ncha nyembamba, akaniita: "Mama, hapa kimekatwa."

Kweli. Kuna mikato, bapa na laini, kama mkate ulioonjwa. Mwongozaji akaeleza kwamba kipande kimoja kilikatwa na wataalamu mwanzoni kwa ajili ya uchunguzi, na mikato mingine ni ya watu waliotaka kuondoka na kumbukumbu. Chuma hiki ni kigumu kupindukia. Hebu fikiria mtu anakaa hapa na msumeno, jasho linamtoka, anakata nyota, apate kitu cha kuweka kabatini.

Baraka hakusema tena neno hadi Mbeya. Nilidhani ni tumbo.

Usiku, gesti, maji ya moto yamegoma. Tunajiandaa kulala, mtoto akavua soksi moja, akaikung'uta juu ya kitanda. Likadondoka jiwe. Jekundu kiasi, jembamba, pembe moja kali, refu kama kidole changu cha kati.

"Isimila," akasema, na machozi yakaanza.

Nilishafungua mdomo kugomba. Lakini hakuwa ananitazama mimi, alikuwa anamtazama bibi yake. Na bibi yake alikuwa anatazama ukuta.

"Mume wangu," Mama akasema baada ya muda, "uliniona nikiomba lile shoka?"

"Ndiyo."

"Haya. Tutalirudisha sote."

Siku ya 5, Jumanne: Rungwe

Jiwe limefungwa kwenye leso ndani ya kikapu cha milulu, na tunaendesha kama tumebeba yai. Leo Daraja la Mungu, kwenye mto Kiwira: upinde wa mwamba wa volkano uliojijenga wenyewe juu ya maji, na wenyeji wamelipita kabla ya mhandisi yeyote. Karibu na hapo kuna Kijungu, mahali mto unapozama kwenye tundu la mwamba na kuzunguka kama ugali unaosongwa. Kelele tupu. Huko hakuna cha kuokota, na wote watatu tulilitambua hilo kwa pamoja tukacheka.

Mvua ya Tukuyu ilitukuta njiani. Mama akashuka kununua ndizi na maparachichi, akajifunza kusema "ndaga", yaani asante kwa Kinyakyusa, kwa mwenye genge, na neno hilo likampa maparachichi 2 ya nyongeza. Mchele wa Kyela kilo 20. Uyole viazi, debe zima. Baraka sasa amekaa na magoti kwenye masikio.

Usiku aliomba kaunta buku. Akaliweka jiwe juu ya ukurasa mweupe, akazungusha penseli taratibu, ulimi nje. Alipoliinua pakabaki umbo lake, pembe kali na yote. Chini akaandika tarehe na "Isimila". Akaniuliza kama hiyo pia ni wizi. Nikasema hapana.

Siku ya 6, Jumatano: Mbeya – Isimila – Iringa

Tulifika Isimila saa 9 alasiri. Nilikuwa nimejiandaa kwa faini, kwa mahubiri, hata kwa askari. Mwongozaji ni yule yule. Mama alitangulia, akamwamkia, akasema, "Tumekuja na deni," akamsukuma Baraka mbele kidogo, kwa upole.

Kijana alilipokea jiwe, akaligeuza kwenye mwanga, akalipitisha kidole kwenye ukali wake. Nilitaka sana aseme ni kokoto tu, tukacheke, tukale. Hakusema. Aliuliza: "Uliliokota wapi?"

Baraka akatuongoza. Hakusita hata mara moja, alishuka korongoni, akapita kibanda, akahesabu hatua kutoka kwenye mti fulani, akaonyesha mahali chini ya mzizi. "Lilikuwa limelala hivi," akasema, akageuza mkono kuonyesha. Mwongozaji akachuchumaa, akaliweka vile vile alivyoonyeshwa. Sekunde chache baadaye nisingeweza kulitofautisha na mengine.

"Zana ikitoka mahali pake," alituambia tukipanda, "tunabaki na jiwe tu. Tunajua umri wake kwa udongo iliolala." Akamuuliza Baraka kama angependa kusomea mambo ya kale. Baraka akasema anataka kuwa fundi wa pancha.

Siku ya 7, Alhamisi: Iringa – Dar

Ahadi ni deni: Ruaha Mbuyuni, gunia la vitunguu. Bei ilikuwa imepanda. Mama hakusema kitu, alinitazama tu, na alinitazama hivyo hadi Mikumi.

Tabata tumefika saa 3 usiku. Kabla sijazima gari jirani alishatokea na ule wimbo wa siku zote, mmetuletea nini, na hadi saa 4 viazi vilikuwa vimegawanywa nyumba 5, vitunguu nyumba 7, na mchele umefichwa. Gari linanuka vitunguu, na nadhani litanuka hadi Krismasi.

Mama alivuta bati lake chini ya kitanda. Akaweka kadi ya karatasi ya tembo, akaweka msumari wa Chimala. Akachana kwa rula ule ukurasa wenye umbo la jiwe, akaukunja mara 2, akauweka juu ya yote. Nikadhani amemaliza.

Akaingiza mkono tena, hadi chini kabisa, akatoa kile kipande cheupe. Sijawahi kumwuliza ni nini, nilikizoea kama unavyozoea kovu la mtu. Alikiweka kiganjani. Chokaa na tumbawe, upande mmoja umelainishwa na mkono wa fundi.

"Magofu ya Kaole," akasema. "Ziara ya darasa la sita, 1987. Niliwaambia watoto wasiguse kitu, kisha nikabaki nyuma."

Akakifunga kwenye ile leso ya jiwe la Baraka. "Jumamosi ijayo mnanipeleka Bagamoyo."

Baraka alikuwa ameshainuka kutafuta penseli.